Mwembe wa Katuba

Likasi, 3 Septemba 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Nimesoma ujumbe wako kwamba umeshakusanya dola za kutosha na wiki ijayo unakwenda mjini kununua paneli sita za sola. Nimefurahi, kwa maana nimezijua taabu zako za delestaji, umeme kukatwa kila mara, watoto kusoma kwa mshumaa na nyama kuoza. Lakini nakuomba, hizo dola zikae kwanza. Nyumba haijawa tayari.

Nasema hivi kwa sababu yalinipata. Miaka sita iliyopita nilifungisha paneli nne hapa kwangu bila kupanda darini hata mara moja, na fundi naye hakupanda. Mvua za Januari zilipopamba moto, bati likaanza kuvuja upande uleule wa paneli. Tukafungua dari. Nikaishika mbao ya paa kwa vidole viwili tu, ikamong'onyoka kama mkate uliokauka. Mchwa walishaimaliza ndani kitambo, likabaki ganda. Paneli kubwa za siku hizi zina urefu wa mita mbili na zaidi, na kilo 27 hivi kila moja, na upepo wa mvua huzipata kwa chini na kuzivuta pamoja na bati. Hiyo nyumba yako ya Katuba, hapo Lubumbashi, ni ya zamani kuliko wewe. Panda na tochi na bisibisi, uchome kila mbao. Bisibisi ikizama bila kugoma, mbao hiyo itoke. Zilizobaki zipake mafuta machafu ya gari.

Sasa mwembe. Mama yako aliupanda kwa mkono wake, nami nilimshikia ndoo ya maji. Najua hili litakuuma. Lakini umesimama upande wa kaskazini wa nyumba, na huko ndiko paneli zinakopaswa kutazama, maana Lubumbashi iko karibu digrii 12 kusini mwa ikweta. Sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana hupita kaskazini yetu. Ni kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari tu ndipo linapokaa utosini au kusini kidogo. Na paneli zikiunganishwa kwa mstari mmoja, kivuli cha tawi moja juu ya paneli moja kinaweza kupunguza kazi ya mstari mzima.

Usiukate. Fanya hivi: chukua kipande cha mkaa, uweke alama ukutani na uani pale kivuli kinapofika saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa. Fanya siku mbili. Nadhani utaona kwamba bati la jikoni, kule mwisho wa lupango, halifikiwi kabisa, na tawi moja tu la juu ndilo litakalopaswa kupogolewa. Kama hujui kaskazini iko wapi, mwezi huu ni rahisi: karibu na tarehe 22, simama ukitazama jua linapochomoza, mkono wako wa kushoto unakuonyesha.

Paneli sita za nini, mwanangu? Hesabu kwanza unachotumia. Taa sita za wati 9 kwa saa tano ni wati-saa 270. Televisheni ya wati 80 kwa saa nne ni 320. Simu na redio, tuseme 60. Konjelateri ndogo ya kugandisha nyama, karibu 1,000 kwa siku. Jumla haifiki 1,700. Paneli mbili za wati 400 siku ya jua zuri zitakupa karibu 3,000, na siku ya mawingu labda nusu yake. Pasi na jiko la umeme viache nje ya hesabu, kila kimoja hula wati 1,000 na kuendelea. Bukari litaendelea kuiva kwa mkaa. Fedha inayobaki itengeneze paa na inunue betri nzuri. Usiiweke betri jikoni wala darini, joto la Oktoba litaiua.

Umeandika pia kwamba utaachana kabisa na umeme wa shirika la SNEL. Naelewa hasira yako. Nilikuwa kijana wakati laini ya umeme kutoka bwawa la Inga, kilomita 1,700 hivi, ilipofika Kolwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya migodi, ikipita juu ya vijiji visivyo na taa. Lakini usikate waya wako. Weka swichi kubwa ya kuchagua, ama SNEL ama jua, kamwe visikutane. Umeme wako ukirudi kwenye laini, fundi aliye juu ya nguzo, anayedhani laini imekufa, atakufa yeye.

Na waya wa ardhini usiusahau, radi za mvua za kwanza ziko karibu. Mwezi huu udongo wetu mwekundu ni mkavu kama tofali na haupitishi umeme vizuri. Chimbia fimbo ya shaba ya waya huo pale maji ya bafu yanapomwagika.

Nitashuka Jumamosi tarehe 20 kwa basi la asubuhi. Niazimie ngazi ndefu kwa jirani. Na lile tawi la juu usiliguse kabla sijafika, nataka nilikate mwenyewe.

Mjomba wako