Nani Atampa Pole Dada?

Daftari letu lilikuwa kaunta buku la kawaida, na safu yake ya mwisho iliandikwa "sababu ya kumaliza". Humo ziliingia sababu zote kwa mwandiko uleule: kaolewa, karudi kwao, kakosana na mama mwenye nyumba, kapata kazi saluni, mzee kafariki. Ofisi ililipwa kwa kuunganisha. Muungano ukikatika, uwe umekatwa na mchumba au na Izraili, tulichotakiwa kujua ni kama ile miezi mitatu ya kumbadilishia mteja dada mwingine bure ilikuwa imekwisha au la.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja Tegeta, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Bango lilisema tunatafutia watu wafanyakazi wa ndani. Lakini ukanda huu wa Barabara ya Bagamoyo una mambo yake. Kuanzia Mbezi Beach, Boko na Bunju hadi Mapinga, Kerege na Kiromo, watu waliojenga wakiwa na nguvu zao wamezeeka ndani ya kuta zilezile. Watoto wametawanyika, na nyumba ya vyumba vitano imebaki na mtu mmoja mwenye presha na sukari. Ukifika Bagamoyo mjini, kwenye nyumba za ukoo za Dunda na Magomeni, unamkuta bibi ambaye hasikii la kuhamia Dar kwa mwanawe, kwa sababu watu wake wote wamezikwa hapa. Basi simu za "nataka dada wa kulea mtoto" zikaanza kuchanganyika na simu za "nataka mtu wa kukaa na mama". Tulizipokea zote kwa salamu ileile, ila hizi za pili hukuziacha mezani ulipofunga ofisi.

Kulikuwa na maswali tuliyopewa tuyaulize, ili tusimpeleke msichana mahali asipopaweza. Mzee anatembea? Anakwenda chooni mwenyewe, au anavaa pampasi? Anakula chochote, au vya kusagwa? Ana kidonda cha kulalia? Anawatambua watu? Maswali ya kazi tu. Aliyeyatunga, nadhani, alikuwa akifikiria mshahara. Lakini lile la mwisho liliwanyamazisha watu. Mtu aliyekuwa akijibu harakaharaka, ndiyo, hapana, ndiyo, alifika hapo akasita, kisha akasema taratibu: "Anatambua… ila mimi ananiita kwa jina la mjomba." Alikuwa amekaa na jambo hilo kwa miezi, pengine hata mkewe hajamwambia. Sasa analitamka kwa mtu asiyemjua, kwa sababu fomu imeuliza.

Naamini kufiwa kulianzia hapo. Huko hakuna jamvi linalotandikwa, hakuna jirani anayeleta kuni. Mama yupo, anapumua, anakula uji; utasemaje umefiwa? Kwa hiyo sisi wa ofisini tukawa watu wa kwanza kuusikia msiba, na hatukuwa na neno la kujibu ila "tutakutafutia mtu mwenye uzoefu, kaka".

Wengine waliuliza, kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza bei ya kitu cha aibu, kama zipo nyumba za wazee. Serikali inayo makazi ya wazee, kama Nunge kule Kigamboni, lakini yamewekwa kwa wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza. Mwenye watoto wanne na nyumba ya bati la rangi hana nafasi huko. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, inaitegemea familia. Na familia ilikuwa ndiyo hii iliyotupigia simu.

Mara nyingi ilipiga kutoka mbali: Muscat, London, Minnesota. Wapo waliotupigia wakiwa kwenye mapumziko ya zamu ya usiku, na kazi yao huko ni kuwageuza kitandani wazee wa watu wengine. Uingereza iliwafungulia wahudumu wa wazee mlango wa viza Februari 2022, ikaufunga kwa wapya kutoka nje Julai 2025. Katikati hapo wengi walipita. Mshahara wa kumwogesha mama wa Leeds ndio uliomlipa dada wa kumwogesha mama wa Zinga. Marekani kazi ya kuunganisha kama yetu ina makampuni makubwa, yenye washauri wanaoshinda na simu masikioni, na kituo kinachompokea mzee ndicho hulipa kamisheni. Nadhani washauri wale nao wana siku ambazo hawamalizi chakula.

Lakini sikukusudia kuandika habari zetu sisi wa mezani. Nataka kusema habari za msichana mmoja wa Kilolo, na sitamtaja jina.

Tulimpeleka Bagamoyo kwa bibi aliyekuwa amepooza upande baada ya kiharusi. Bibi alimpokea kwa ubaridi. "Mimi nina wanangu," alisema, "sihitaji mtumishi." Msichana akajibu shikamoo, akaenda kuchemsha maji. Alikaa pale miaka. Alijifunza kumgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ngozi isichubuke. Alijua kumkanda kwa mafuta ya nazi, kumpa uji kwa upande wa mdomo unaomeza, na kumtoa barazani baada ya alasiri ili aone watu wanaotoka msikitini. Alijua pia ni habari gani asomewe na ipi afichwe. Binti wa bibi, aliyekuwa akija kutoka Dar Jumamosi, alikuwa akimuuliza huyu msichana wa Kilolo mama yake anapenda nini siku hizi.

Bibi akafariki alfajiri.

Watu wa pwani ni hodari katika kufiwa. Nalisema kwa kuheshimu. Mjane ana eda yake ya miezi minne na siku kumi, watu wanajua asalimiwe vipi na nani aingie chumbani kwake. Wafiwa wana siku zao za jamvi. Kuna khitma, kuna arobaini, kuna ubani unaoandikwa kwenye daftari ili nasi tukumbuke kurudisha. Hata mtani ana kazi yake: Mzigua au Mkwere huja akakatiza kilio kwa dhihaka, na hakuna anayechukia. Ni mila iliyofikiriwa sana, kila mtu amewekewa kiti. Ila iliundwa kabla ya kuwapo mtu anayelipwa kwa mwezi kumpenda mama yako.

Kwa hiyo msiba ulipoingia, waosha wakaja, pazia likafungwa. Aliyekuwa akimwogesha marehemu kila siku ya Mungu akabaki nje ya mlango, kwa kuwa si ndugu na si Mwislamu. Sina ugomvi na sheria ya dini. Kuosha maiti kuna wenyewe. Lakini alisema kitu pale mlangoni, na baadaye jirani mmoja ndiye aliyetusimulia: "Bega la kushoto lilikuwa linamuuma, msilivute." Kisha akaenda jikoni, maana watu walishaanza kufika na maji ya chai hayajabandikwa.

Siku tatu zile alifanya kazi kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba. Waliingia wanawake kutoka Kaole na Mlingotini, kutoka Dar, kutoka Tanga, wakakumbatiana na wafiwa, wakamwita yeye: "Dada, sahani ziko wapi?" Pole ziligawiwa kwa kila aliyekaa jamvini, na yeye hakukaa. Siku ya nne ofisi ikapigiwa simu: bibi ametutoka, sasa huyu binti mtamchukua lini? Haikuwa sauti ya mtu mkatili. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka, anayehesabu vitu vya kurudisha: viti vya kukodi, turubai, masufuria ya msikiti, dada.

Alirudi Tegeta na begi lake na khanga mbili za marehemu alizopewa. Tulimuuliza anataka kazi ya namna gani sasa, kwa kuwa wenye uzoefu wa wazee walikuwa wanatafutwa na mshahara ulikuwa unapanda kidogo. Akasema, "Nipeni ya watoto. Mtoto ukimlea anakua." Tukaandika.

Mji huo wa Bagamoyo ulishaona jambo kama hili, na kwa mtu mashuhuri. Mei 1873 David Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Alikuwa na miaka 60, umri uleule ambao sera yetu inaanza kumwita mtu mzee. Vitabu vinamtaja kama msafiri, lakini majuma yake ya mwisho hakuwa msafiri wa kitu: alikuwa mgonjwa anayetokwa damu, anayebebwa kwenye machela, asiyeweza tena kuivuka mito kwa miguu yake. Aliyelala karibu naye kibandani ni kijana aitwaye Majwara, na ndiye aliyetoka gizani kwenda kumwita Susi. Abdallah Susi, James Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi pwani. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, ukawekwa kwenye misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu. Kisha meli ya Waingereza ikauchukua kwenda Unguja, safari ya Ulaya ikaanza.

Kaimu balozi mdogo wa Uingereza, Kapteni Prideaux, aliwalipa ujira wao, wakaambiwa waende zao. Aprili 18 mwaka huohuo mwili ulizikwa Westminster Abbey. Katika msafara ule, aliyekuwapo mazishini ni Jacob Wainwright peke yake. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, kwa nauli iliyolipwa na James Young, rafiki wa marehemu, wakakuta kaburi limekwisha kufungwa.

Sina haja ya kumlaumu Prideaux. Alilipa alichotakiwa kulipa, na inasemekana zilitoka mfukoni mwake. Ndivyo nasi tulivyokuwa: hesabu ikifungwa sawasawa, tuliona habari imekwisha. Kinachonisumbua ni kwamba watu waliombeba mgonjwa yule hawakuulizwa kama wangependa kumsindikiza mpaka mwisho. Hakuna aliyefikiri lilikuwa swali.

Tukirudi huku kwetu, hata hesabu zenyewe mara nyingi hazifungwi. Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka, kwa wakati ule, kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani wa nyumba ya kawaida anayelala kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyelala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayelipwa kwa mwezi notisi ya siku 28, au malipo yake. Aliyetimiza mwaka anastahili pia kiinua mgongo, mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza. Sikuwahi kuona familia inakataa haya kwa ubaya. Walikuwa hawajui, na ofisi yetu haikuwa na desturi ya kuwaambia, maana mteja aliyefiwa leo ana ndugu atakayehitaji dada kesho.

Kwa hiyo nakuomba wewe uliyemzika mama au baba, na alikuwapo binti wa watu aliyekuwa akimgeuza usiku ulipokuwa umelala Dar, au Doha, au Boston. Mlipe siku zake 28 na kiinua mgongo chake. Usimharakishe kuondoka kabla ya arobaini kama mwenyewe anataka kubaki. Wanawake wakija msibani, mtoe jikoni, mkalishe jamvini kando yako, na umtambulishe kwa jina lake ili wapate kumpa mkono. Na kama alishaondoka, bila shaka namba yake bado unayo. Mpigie.