Mkanda wa Umeme Shingoni mwa Mtoto wa Mbwa

Katika nyumba ya Kiislamu hapa pwani, mwenye kufuga mbwa huulizwa kwanza kuhusu tahara, kisha kuhusu malaika, na hatimaye, ikiwa aulizaye ana subira, kuhusu mbwa mwenyewe. Maswali mawili ya kwanza wanazuoni wetu wamekwisha kuyajibu. Mbwa wa kulinda mifugo na shamba ana ruhusa yake, na wa kuwinda vilevile. Mate yake ni najisi nzito katika madhehebu ya Imamu Shafi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lile swali la tatu ndilo lisilo na mwenyewe barazani: mbwa huyu aliyeruhusiwa, afunzwe vipi?

Sisi tuna kijishamba kaskazini ya Mtwapa, chenye minazi, mikorosho michache na mbuzi. Mbuzi hao waliibwa mara mbili katika mwaka mmoja, na mara ya pili wezi walimpiga bawabu hata akalazwa hospitali. Ndipo tukachukua mtoto wa mbwa wa aina ya German Shepherd, dume, mwenye umri wa wiki tisa. Watoto wakamwita Simba. Alipofika miezi mitano alikuwa na kilo ishirini, masikio yamesimama, sauti imekuwa nzito, na kila aliyeingia langoni alimrukia kwa furaha. Siku moja alimwangusha mtoto wa jirani aliyekuwa akienda chuoni, kanzu ikajaa udenda na juzuu ikaanguka mchangani. Mtoto hakuumia, alhamdulillahi, lakini alilia njia nzima mpaka kwao. Jioni yake mama yangu mzazi akatoa hukumu: mbwa huyu atiwe adabu kabla ya Ramadhani, la sivyo aondoke.

Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, alikuja na dawa yake katika kijisanduku. Ulikuwa mkanda wa kuvalishwa mbwa shingoni, wenye ncha mbili za chuma zinazogusa ngozi, pamoja na rimoti ya kushika mkononi. Mbwa akikosea, unabonyeza, naye hupigwa na umeme. Ukali wake hupandishwa na kushushwa kwa kidole.

“Shemeji,” aliniambia, “huyu atafika kilo arobaini. Siku atakapomfukuza mbuzi au mtoto, utamshika kwa maneno?”

Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Mbwa mkubwa asiyesikia ni hatari ya kweli, na wengi wanaomiliki mbwa kama huyo hapa kwetu hawana ila fimbo na mnyororo. Akasema, kwa haki kabisa, kwamba mshtuko mdogo wa nukta moja ni afadhali kuliko kiboko, na kuliko kufungwa juani kutwa. Mwanangu wa kiume, ambaye ndiye aliyemwomba mbwa huyu, alinitazama mimi.

Nikauvaa mkanda ule mkononi, ndani ya kigasha ambapo ngozi ni laini, nikamwambia shemeji abonyeze. Alianza chini, nikahisi kama sisimizi. Alipofika katikati mkono uliruka wenyewe. Maumivu yale naweza kuyastahimili, wala sikusudii kuyatia chumvi. Lililonishughulisha ni jambo jingine: mimi nilijua umeme umetoka wapi, ni nani aliyebonyeza na kwa sababu gani. Simba hatajua hata moja katika hayo. Atajua tu kwamba alikuwa akimtazama mtoto mwenye kanzu nyeupe, na ghafla shingo ikamuuma.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaousifu mkanda huu kwa mbwa wa ulinzi. Mbwa hufunga maumivu na kile kilichokuwa mbele ya macho yake wakati huo. Ukimshtua kila anapomkimbilia mgeni kwa furaha, huenda akaacha kumkimbilia, nawe ukadhani amefunzika. Kumbe moyoni amejifunza kwamba wageni huja na maumivu. Furaha imegeuka hofu, na mbwa wa kilo arobaini mwenye kuwaogopa watoto ni hatari kuliko yule mwenye kuwarukia kwa mapenzi. Anayeruka huchafua kanzu. Anayeogopa hung’ata.

Na kuna jambo la umri, ambalo wengi wetu hatulitazami kwa sababu mwili wa mbwa hutudanganya. Mbwa wa aina kubwa hukua haraka kwa umbo na polepole kwa akili na mifupa. German Shepherd hutimia baada ya mwaka mmoja na nusu, wengine hata miwili. Wa miezi mitano ndio kwanza anabadilisha meno ya utotoni, ndiyo maana hutafuna viatu vya watu msikitini akipata nafasi. (Cha kwangu kimoja kimekwenda.) Tungemwona mtoto wa binadamu wa umri kama huo akikosea, tungecheka. Huyu, kwa kuwa masikio yake yamesimama, tunamhesabu mtu mzima mkaidi.

Hoja ya shemeji iliyonisumbua zaidi ni ile ya mbuzi, kwani mbwa akishaonja raha ya kufukuza, hatakuacha umwite mara mbili. Nikasoma. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walichapisha uchunguzi wao juu ya mbwa 63 ambao wenyewe walilalamika kuwa hawaji waitwapo au husumbua mifugo. Kundi moja lilifunzwa kwa mkanda wa umeme, na wafunzaji walioteuliwa na watengenezaji wenyewe wa mikanda. Makundi mawili yalifunzwa bila mkanda. Wenye mbwa wengi katika makundi yote waliona mafanikio, na mkanda haukuonekana kuzidi njia nyingine kwa matokeo. Lakini mbwa wa mkanda walionyesha dalili zaidi za wasiwasi. Wales walikuwa wamekwisha kuupiga marufuku tangu mwaka 2010. Kwa hiyo hata kwa mbuzi, maumivu hayakununua kitu ambacho uvumilivu ungeshindwa kukinunua.

Nilimkumbusha shemeji pia Sura ya al-Maida, aya ya nne, inayotaja wanyama wa kuwinda na kwamba huwafundisha katika yale Mwenyezi Mungu aliyotufundisha. Mbwa katika aya hiyo ni mwanafunzi. Hadithi ya aliyeteremka kisimani kumchotea maji mbwa mwenye kiu sote tunaijua na kuwasimulia watoto, wakati mwingine huku nyuma ya nyumba pana mbwa amefungwa hana hata kikopo cha maji. Shemeji alicheka, akasema nimeanza kutoa hotuba. Sanduku lake akaliacha mezani.

Kazi yenyewe tuliigawa. Mwanangu alichemsha maini ya kuku, akayakata vipande vidogo kama punje za mahindi. Simba akikaa chini, kipande kinatupwa mchangani mbele yake, hakipitishwi kinywani kwa mkono, na hivyo mambo ya mate yakawa mepesi. Mwenye kumfunza huvaa nguo maalumu zinazotundikwa bandani. Akiruka, aliye mbele yake humpa mgongo na kunyamaza; akitua, hupata chakula. Dakika tano asubuhi, dakika tano alasiri, wala hatukuzidisha. Kwa mbuzi tulimfunga kamba ya mita kumi na kuanza mbali, mahali ambapo angeweza kuwaona na bado akasikia jina lake. Kila wiki tulisogea hatua chache. Kuna wiki tuliyorudi nyuma kwa sababu beberu mmoja aliamua kumchokoza.

Ramadhani ilipoingia, Mama alikuwa bado hajaridhika, ila aliacha kutaja siku ya kumwondoa. Mtoto wa jirani sasa husimama langoni na kusema “kaa,” na Simba hukaa, mkia ukifagia mchanga. Bawabu anasema usiku hubweka vizuri, kwa sauti ya kumtisha asiyekuwa na haja njema.

Ana miezi kumi na moja. Mikokoteni ya maji bado inamtia wazimu, na mwuza maji ametuambia waziwazi kwamba hatapita kwetu mpaka tumalize. Wiki hii maini yamepanda bei, kwa hiyo tumeanza kutumia mapafu.