Marehemu Bibi Grace Ogot

Hapa Soy wapo wazee wasemao kwamba kalamu na jiko havikai nyumba moja. Mimi huwajibu kwa kumtaja marehemu Bibi Grace Ogot, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2015. Alisomea uuguzi Mengo, Uganda. Akafundisha ukunga Maseno. Akalea watoto wanne. Na mwaka 1985 watu wa Gem wakamchagua kuwa Mbunge wao. Katika shughuli hizo zote hakuacha kuandika. Mwaka 1966 alitoa riwaya kwa Kiingereza, na mwaka 1983 akatoa Miaha kwa Kijaluo, ili mama wa kijijini naye asome habari za kwao. Wazazi wenzangu, binti akishika kalamu tusimnyang'anye. Huenda ndiye atakayetutunzia ngano za bibi zetu.