Dirisha Lililogoma Kupanuka

Alhamisi, 9 Mei 2024

Kimbunga Hidaya kilipita Jumamosi na kukata barabara ya Lindi pale Somanga. Wateja wa steshenari yangu wamepungua. Leo jua limetoka, betri za sola zimejaa, nikaona nimalize viporo: nikapandisha VirtualBox, inayoendesha mashine pepe ndani ya Windows ya laptop yangu, kutoka 6.1 hadi 7.0, na ndani ya mashine hiyo nikapandisha Lubuntu, kerneli mpya ikaja pamoja nayo.

Windows haina neno. Barua za watu zinachapwa kama kawaida. Balaa liko kwenye Lubuntu ninayochorea ramani ya mikoko. Inafunguka 800 kwa 600, na nikivuta pembe ya dirisha picha inabaki katikati, weusi umeizunguka pande zote. Madirisha ya QGIS, programu ya kuchorea ramani, yanakatika chini, kitufe cha OK kimezama, nabonyeza Enter kwa imani tu.

Ijumaa, 10 Mei

Kila ninayempigia ananiambia jambo moja: ongeza kumbukumbu ya video, weka MB 128. Nimepiga hesabu kwanza. Skrini ya laptop hii ni nukta 1366 kwa 768, kila nukta inakula baiti 4. Jumla ni kama MB 4, na mashine ilikuwa na MB 16. Si njaa hiyo. Nadhani ushauri huu unazunguka kwa sababu haumdhuru mtu.

Mwingine akasema nitumie hali ya kukuza picha, vitufe vya Host na C. Kweli skrini ikajaa, herufi zikavimba zikaingia ukungu, na nafasi ni ileile ya 800 kwa 600. Kwa anayetazama filamu inatosha. Mimi nafanya kazi na picha za setilaiti ya Sentinel-2, ambazo nukta moja ni mita 10 za ardhi, na ukingo kati ya mikoko na shamba la mpunga mara nyingi ni nukta mbili tatu. Zikivurugika hizo, sijui ninachora nini.

Usiku nimeona onyo dogo chini ya ukurasa wa mipangilio: kadi ya michoro iliyochaguliwa haifai kwa mgeni (mfumo ulio ndani ya mashine pepe) wa aina hii. Mashine hii ni ya zamani, ilikuwa bado na VBoxVGA. VMSVGA ilikuja na toleo la 6.0, Desemba 2018, lakini mashine iliyoundwa kabla hubaki na mipangilio yake ya kale hadi mtu aibadilishe kwa mkono. Nimebadilisha. Dirisha bado ni gumu, na kile kipengele cha kurekebisha ukubwa chenyewe, kwenye menyu ya View, kimefifia hakibonyezeki.

Jumapili, 12 Mei

Intaneti imekatika tangu asubuhi. Redio inasema nyaya za baharini, EASSy na Seacom, zimepata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kwa hiyo hakuna kupakua, kuna kusoma tu.

Na kusoma kumesaidia. Faili ya /var/log/vboxadd-setup.log inasema wazi: moduli za Guest Additions hazikujengwa kwa sababu vichwa (headers) vya kerneli mpya havikupatikana. Ndipo mambo yakakaa sawa kichwani. Mwenyeji, yaani Windows, hana uwezo wa kumpanua mgeni kwa nguvu. Anatuma pendekezo tu, kwamba dirisha sasa lina upana huu na kimo hiki. Ndani lazima awepo wa kulipokea na kuiambia Lubuntu ibadilishe skrini. Hiyo ni kazi ya VBoxClient, inayokuja na kifurushi cha Guest Additions. Moduli zilijengwa kwa kerneli ya zamani. Kerneli ilipobadilika, mpokeaji akawa hayupo, na pendekezo likawa linapiga hodi nyumba tupu. Ndiyo maana kuhangaika na dirisha upande wa Windows hakukuzaa kitu.

Jumatatu, 13 Mei

Bila intaneti sina vichwa vya kerneli, lakini dereva wa VMSVGA yumo tayari ndani ya kerneli yenyewe, anaitwa vmwgfx. Nikaandika xrandr peke yake, orodha ya vipimo ikatoka, 1360x768 kikiwemo. Basi:

xrandr --output Virtual-1 --mode 1360x768

Nikaingia skrini nzima. Zinabaki nukta 6 nyeusi, tatu kila upande. Nani atazidai?

Mchana akaja mzee kutoa kopi ya kitambulisho. Nikamwamkia, akaitikia macho yakiwa kwenye ramani.

“Marahaba, mjukuu wangu. Huo wekundu wote ni moto?”

“Hapana babu, ni mikoko. Setilaiti inapima mwanga ambao macho yetu hayauoni, mimi nimeupa rangi nyekundu.”

“Na hapo palipopauka?”

“Mashamba ya mpunga.”

“Mpunga wa mwaka gani? Hapo tulilima, maji ya chumvi yakapanda, tukapaacha. Sasa ni vichaka na visiki vya mikandaa.”

Sikuwa na la kubisha. Ile sehemu nimeizungushia mstari wa njano.

Jumatano, 15 Mei

Mtandao unarudi kwa kusuasua. Maelekezo mengi yanasema sakinisha linux-headers-$(uname -r). Yanaponya leo tu: kerneli ijayo itakuja bila vichwa vyake na dirisha litagoma tena. Nimeweka linux-headers-generic, inayofuata kerneli kila inapopanda, pamoja na build-essential. Kisha nikaingiza diski ya Guest Additions kutoka menyu ya Devices (hiyo huja na VirtualBox, haihitaji intaneti), nikaendesha VBoxLinuxAdditions.run, nikawasha upya.

lsmod inaonyesha vboxguest. Kipengele cha View kimerudi. Nimevuta pembe ya dirisha na Lubuntu ikafuata.

Ijumaa, 17 Mei

Jedwali la sifa sasa linakaa kando ya ramani bila kuifunika. Nimeongeza daraja jipya: mashamba ya mpunga yaliyoachwa. Lakini kwenye picha hii moja yanafanana mno na yale yanayolimwa yakiwa bado makavu. Itabidi nipate picha ya msimu ambao mpunga umesimama kijani, isiyo na mawingu, nizilinganishe mbili hizo, halafu nimwite babu atazame tena.