Neno "Maadili" na Kazi Yangu

Nilisomea ualimu, kazi ikanipeleka kwenye sera, na miaka yote hiyo nimeshikilia hoja moja ambayo wenzangu huiona ya kikarani mno: haki ya mtoto wa Tanzania huamuliwa zaidi na kanuni na nyaraka zinazofika mezani kwa mkuu wa shule kuliko na mikataba tunayoinukuu kwenye warsha. Chuoni tulifundishwa Elimu ya Kujitegemea, saikolojia ya makuzi, na Azimio la Musoma la 1974 lililotaka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977. Sijutii hata kimoja. Ila nilihitimu bila kufungua Tangazo la Serikali hata moja, na huko ndiko watoto walikokuwa wakipotelea.

Chukua Kanuni za 2002 za kuwafukuza wanafunzi, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978. Zinataja wizi, uharibifu wa mali, ukahaba, dawa za kulevya, kosa dhidi ya maadili, na kufunga ndoa. Mimba haimo. Ilisomwa ndani ya neno "maadili", na neno hilo moja likatosha kuwatoa shuleni wasichana kwa miaka karibu ishirini, kwa kuwa kanuni iliongeza kwamba mwanafunzi aweza kufukuzwa awe ameshtakiwa au hajashtakiwa. Upande wa pili, Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya wazazi. Mzazi anaridhia, shule inamfukuza kwa kuolewa, na kila ofisi iko ndani ya sheria. Ndiyo maana sikuwahi kuridhika na maelezo kwamba tatizo letu ni mila tu. Mila zipo, lakini hizi zilikuwa karatasi zenye namba na sahihi.

Hoja niliyokutana nayo mara nyingi, tena kutoka kwa walimu na wazazi wenye nia njema, ni kwamba kumrudisha aliyejifungua ni kuwapa wengine ruhusa. Rais Magufuli aliitamka hadharani Juni 2017, na iliungwa mkono na wengi. Siipuuzi, mzazi anayeuza mbuzi ili binti asome ana haki ya kuogopa. Lakini tuifuate hadi mwisho. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Kesi ya namna hiyo inasimama kwa ushahidi wa msichana na wa familia yake. Wakijua kwamba kusema kutamgharimu shule, watanyamaza, au watamalizana na familia ya mwanaume chini ya mwembe. Kwa hiyo kumfukuza msichana kunaidhoofisha adhabu ileile ambayo watetezi wa kumfukuza wanaipigania. Zanzibar ilikuwa imekwisha kuwafungulia mlango wasichana waliojifungua tangu 2010, nchi hiihii, wazazi haohao. Waliosema kuna njia mbadala, asome kama mtahiniwa wa kujitegemea, walisahau hesabu: tangu Januari 2016 shule ya serikali haina ada, na ruzuku ya mwanafunzi wa sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwaka, mtahiniwa wa kujitegemea hujigharamia, na huyu ana mtoto mgongoni.

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa wanasheria, nalo lilihusu njia ya waraka. Novemba 24, 2021 Waziri Joyce Ndalichako alitangaza kwamba wasichana hao watarudi, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo ukaweka muda wa miaka miwili wa kurudi. Kinachofunguliwa kwa waraka, wakaniambia, hufungwa kwa waraka. Ni kweli kabisa, na bado nataka jambo hili liingie kwenye sheria yenyewe. Ila mahakama nayo ina mwendo wake: katika kesi ya Rebeca Gyumi ya kupinga umri huo wa ndoa, mwaka 2016 Mahakama Kuu iliipa Serikali mwaka mmoja kuurekebisha, na rufaa ya Serikali ikaamuliwa Oktoba 2019. Msichana aliyekuwa kidato cha kwanza siku ya hukumu ya kwanza alikuwa amefika cha nne. Waraka ulifika shuleni ndani ya muhula.

Na si mimba tu. Kanuni za viboko za 2002 zinaweka kikomo cha viboko vinne, zinataka msichana achapwe na mwalimu wa kike au mkuu wa shule, na zinadai kila adhabu iandikwe kwenye daftari: jina la mtoto, kosa, idadi ya viboko, jina la aliyechapa, kisha sahihi ya mkuu. Watetezi wenzangu hunilaumu kwamba kumfundisha mzazi kanuni hiyo ni kuibariki fimbo. Mimi nataka fimbo iondoke kabisa. Lakini mpaka iondoke, mtoto wa leo anachapwa leo, na mzazi anayekwenda ofisini kuomba kuoneshwa daftari ana la kushika mkononi. Kwa kawaida wa kwanza kutafutwa ni ufunguo wa kabati. Daftari lenyewe, likipatikana, huwa halina maandishi.