Jioni za Msasa

Babu mzaa mama alifariki Ruangwa, na arobaini yake ilipokwisha ndugu wakagawana vitu. Mmoja akapata panga na majembe, mwingine redio. Mimi nikapewa kisu kilicholiwa na kutu, mpini umepasuka na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Nilielewa wanasema nini. Miaka miwili kabla ya hapo baiskeli ya babu ilikuwa imepotea, na ingawa hakuna aliyenitamkia neno, wote walijua nani mlevi katika ukoo.

Niliiuza mimi, Nachingwea mjini, nikanywea uraka. Aliyekulia Lindi anaujua msimu wa mabibo: korosho zinaokotwa, mabibo yanakamuliwa, na uraka unauzwa kwa bei ambayo hata asiye na kitu anaimudu. Msimu ukipita kuna kochoko, mabibo makavu, ambayo hupikwa gongo. Kwa hiyo kwangu msimu haukuisha.

Babu alituambia kisu kile kilifuliwa na mhunzi kwa springi ya lori la mradi wa karanga, ule wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ukafutwa 1951. Chuma cha springi hushika makali siku nyingi, ila ukikiacha kwenye unyevu hakikusamehe. Nilianza kukitengeneza ili nikiuze. Siwezi kuficha hilo.

Nikaazima grenda. Cheche ziliruka, nikafurahi, na kabla sijajua ncha ikageuka rangi ya buluu. Chuma cha makali kikipata joto hadi kugeuka hivyo, ugumu wake umetoka. Ukikinoa asubuhi, mchana ni butu. Ikabidi niikate ile ncha, upana wa vidole viwili. Kitu cha babu kilichosalimika miaka yote hiyo, nami nimekiharibu kwa dakika moja. Nilikaa chini nikalia, na sikulilia kisu peke yake.

Seremala mmoja mzee wa jirani alikiangalia akaniambia, "Mjukuu wangu, hii ni kazi ya mkono." Akanipa kipande cha mpingo kilichobaki kwenye kazi zake. Mti huo unakua polepole mno, mtu anaweza kuzeeka kabla haujafaa kukatwa, na Ulaya wanautengenezea klarineti. Nilikibeba kile kipande kama mtu aliyeaminiwa pesa.

Nikang'oa mpini wa zamani, nikakilaza chuma usiku mzima kwenye maji mazito ya ukwaju. Asubuhi kutu ilikuwa imelegea, nikaisugua, nikakisuuza na kukikausha upesi. Ndipo nikaanza msasa, niliouzungusha kwenye kipande cha ubao: namba 80, halafu 120, 240, mwisho 400 kwa maji. Kila namba inaacha michirizi yake. Ya pili unaisugua kwa kukatiza ya kwanza, na huendi mbele mpaka michirizi ya nyuma imefutika yote. Ukiruka namba, utaiona kwenye mwanga.

Siku za kwanza mikono ilitetemeka, nikajikata mara mbili. Saa kumi na moja wenzangu walipita kama kawaida: "Twende basi." Nikajibu, "Ngojeni nimalize namba hii." Sikuwa nimeapa kuacha. Nilikuwa kwenye 240, na michirizi ya 120 bado ilionekana karibu na shina. Giza likaingia, nikawasha taa. Kesho yake nikawajibu vilevile. Baada ya wiki kadhaa wakawa wanapita bila kuniita, na hiyo iliniuma kuliko nilivyotegemea.

Mpingo ulinitoa jasho. Msumeno unateleza, vumbi lake linawasha pua mpaka ufunge kitambaa usoni. Nikautoboa kwa keke, nikafunga vipande viwili kwa gundi na waya mnene wa shaba, nikausugua hadi ukakaa kiganjani. Mwisho nikaupaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya ufuta. Weusi wake ulipojitokeza, niliacha kuwaza bei.

Nikaenda Ruangwa kwa mjomba, kisu nimekivisha ala niliyoishona kwa ngozi ya mkoba mkuukuu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Alikichomoa, akapitisha kidole gumba juu ya makali, akakipima kwa mkono. "Kimepungua."

"Ndiyo. Nilikiunguza kwa mashine, nikakata ncha."

Akanyamaza. Nikaona ni sasa au kamwe. "Na baiskeli, mjomba, niliiuza mimi."

Hakuniangalia. Aliokota muhogo kwenye ungo, akaumenya taratibu kwa kile kisu, ganda likatoka refu bila kukatika. Akaukata katikati, akanipa nusu.