Soma Kwanza, Mimina Baadaye

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Nina cheti cha kazi hiyo. Kila siku ninawaambia watu faida za kusoma. Lakini siku moja mimi mwenyewe sikusoma, na watu nusura wapate ajali. Nataka kukusimulia habari hiyo.

Lilikuwapo lori moja kuukuu la jeshi, aina ya Bedford, lililotengenezwa Uingereza. Mwenye lori alilinunua likiwa limekwisha kutumika sana. Lilishusha mboga kutoka Lushoto hadi Mombo, likapandisha bidhaa za dukani. Nami nililipanda mara kwa mara nikiwa na vitabu vya wanakisomo.

Kwanza ujue jinsi breki za lori lile zilivyofanya kazi. Dereva akikanyaga pedali, mafuta ya breki husukumwa katika mabomba membamba mpaka kwenye magurudumu. Lakini lori ni zito. Nguvu za mguu peke yake hazitoshi. Kwa hiyo upepo uliobanwa ndani ya tanki husaidia kuyasukuma mafuta hayo. Kwenye gurudumu, mafuta husukuma brekishu, nazo hubana dramu. Dereva akiondoa mguu, upepo hutoka nje, mafuta hurudi yalikotoka, na springi huzivuta brekishu. Gurudumu huwa huru. Kimoja kati ya hivyo kikikwama, breki hubaki zimeshika.

Ijumaa moja tulikuwa Mombo. Dereva alikuwa chini ya lori akikaza nati. Utingo alikuwa amekwenda kunywa chai. Dereva akaniita, "Mwalimu, hebu nisaidie. Mafuta ya breki yamepungua. Kopo liko nyuma ya kiti."

Nilikuta makopo mawili yanayofanana. Nikachukua moja, nikamimina mpaka pakajaa. Kopo lilikuwa na karatasi iliyobandikwa, yenye maandishi ya kalamu. Sikuyasoma. Niliona kopo ni la mafuta ya breki, basi yaliyomo ni mafuta ya breki.

Jumatatu tukaanza safari. Juu ya mizigo walikaa abiria, miongoni mwao akina mama wawili wenye watoto. Kabla hatujafika Soni, lori likawa zito. Dereva alipunguza gia, lakini injini ililia tu. Kisha tukasikia harufu ya kitu kinachoungua. Dereva akasimama mahali penye tambarare kidogo. Utingo akaweka mawe kwenye magurudumu, na watu wote wakashuka.

Kwa bahati, miongoni mwa abiria alikuwamo mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi wa malori. Alikuwa mwanakisomo katika darasa langu. Alikuwa amejua kusoma mwaka uliotangulia tu.

Mzee alizunguka lori akisogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Utingo alileta ndoo ya maji ili apoze dramu. Mzee akamkataza. "Mjukuu wangu, chuma cha moto ukikimwagia maji baridi hupasuka. Acha kipoe chenyewe."

Kisha akatueleza. "Lingekuwa gurudumu moja lina moto, ningetafuta ubovu kwenye gurudumu hilo. Lakini yote yana moto. Basi ubovu uko mahali ambapo breki zote hukutana."

Akafungua koki chini ya tanki la upepo. Upepo ukatoka wote. Breki zikabaki zimeshika. "Si upepo unaozishika," akasema.

Akaibonyeza pedali kwa mkono. Ilicheza kidogo kabla ya kuanza kusukuma, kama inavyotakiwa. "Si pedali."

Gurudumu moja lilipopoa, akalegeza skrubu ndogo iliyo nyuma yake. Mafuta yakaruka nje kwa nguvu, na gurudumu likawa huru. "Springi ni nzima," akasema. "Mafuta ndiyo yaliyoshindwa kurudi."

Mwisho akafungua kifuniko cha mahali pa kutilia mafuta. Mpira wa kifuniko ulikuwa umevimba. Juu ya mafuta kulikuwa na tabaka la mafuta mengine, yanaelea. Mzee akaomba aletewe kopo. Akalisogeza mbali na macho, akaanza kusoma taratibu: "O-i-li... ya... i-nji-ni."

Ndugu msomaji, oili ya injini ni adui wa mipira ya breki za namna ile. Mpira ukilowa oili huvimba. Ukivimba, huziba kitundu ambacho mafuta hupitia kurudi. Ndiyo maana breki hazikuachia.

Dereva akamgeukia utingo. "Umetuua wewe! Ni nani aliyekuambia utie oili? Leo ndiyo mwisho wa kazi yako." Kijana alitetemeka. Aliapa kwamba hajui lolote.

Nami nilikuwa nimesimama pale pale. Moyo uliniambia ninyamaze. Wanakisomo wangu wangesema nini? Nilinyamaza muda wa kutosha kuona machozi ya yule kijana. Hapo nikasema, "Si yeye. Ni mimi."

Hakuna aliyenijibu. Mzee akafunga kifuniko polepole.

Dereva alitaka tulegeze skrubu za magurudumu yote, kisha tuendelee. Mzee alikataa. "Mpira uliovimba hauna uaminifu," akasema. "Sasa umeshika. Kesho kwenye mteremko utavuja, na hamtakuwa na breki kabisa. Tena mafuta ya breki yakipata moto mno huchemka na kufanya mapovu. Ukikanyaga, pedali inazama tu."

Abiria wakachukuliwa na gari jingine. Lori lilikokotwa hadi gereji. Mipira yote ya breki ikabadilishwa, mabomba yakasafishwa, mafuta mapya yakatiwa. Nililipa sehemu ya gharama. Sehemu nyingine alilipa dereva, maana ndiye aliyetia oili katika kopo lisilo lake. Utingo alibaki kazini.

Juma lile niliingia darasani kwa haya. Nikawaeleza wanakisomo yote yaliyotokea. Kisha nikamwomba mzee aandike ubaoni maneno yaliyokuwa kwenye kopo. Aliandika kwa herufi kubwa: OILI YA INJINI. Darasa zima likasoma, nami nikasoma pamoja nao.

Ndugu msomaji, kusoma si kazi ya darasani tu. Ukishika kopo la dawa ya mifugo, la dawa ya shamba au la mafuta ya gari, usiamini sura yake. Soma kwanza, ndipo umimine.